Barabara Imeshuka, Nyumba Imebaki Juu

Kila asubuhi, kabla watu hawajashuka kwenda kazi za bandarini, Alphonsine alikuwa ameshatwanga lituma. Alichemsha makemba, zile ndizi za kupika, akayaponda kwa mchi mpaka yakalainika, akayafanya mabonge na kuyafunika kwa majani. Pembeni aliweka sufuria ya samaki na mchuzi wa mawese. Kisha alitoa meza yake kwenye barza, mbele ya nyumba. Wafanyakazi walikuwa wakitoka barabarani, wanapanda ngazi moja tu, wanakula wamesimama, wanaenda zao.

Ilikuwa mwaka wa 1956. Kwenye karatasi za serikali mji uliitwa Stanleyville, lakini mtu akiulizwa anakaa wapi, alijibu Kisangani. Octave, mume wa Alphonsine, alifanya kazi kwenye meli ya mtoni. Akishuka kwenda Leopoldville, hakurudi mpaka wiki tano au sita zipite. Nyumba yao ilikuwa ya matofali, vyumba vitatu, mabati juu. Waliijenga kwa miaka minne. Karatasi ya parsele, yaani kiwanja chao, ilikuwa na jina la Octave, nayo ilikaa ndani ya sanduku, chini ya nguo za kanisa.

Mbali na binti zao wawili, Clémence na Viviane, kulikuwa na mtu wa tano ndani ya nyumba ile. Huyo ni Mama Georgette, mama yake Alphonsine. Alitoka Isangi kuja kutibiwa kidonda cha mguu. Siku zile mtu wa kijijini hakuweza kukaa mjini bila kibali. Kibali cha Georgette kilikuwa cha miezi miwili, na miezi miwili ilikuwa imepita. Mguu ulikuwa bado haujapona. Basi alifichwa katika chumba cha upande wa barabara, pazia limefungwa. Askari wa sité, yaani mtaa wa wenyeji, walipopita asubuhi kukagua vibali, Georgette alizuia kikohozi, na Alphonsine alitwanga kwa nguvu zaidi ili sauti ya mchi ifunike kila kitu.

Mwezi wa nane, katapila ilifika.

Barabara yao ilikuwa na kilima, na malori yaliyobeba mizigo ya bandari yaliteseka kukipanda. Wakubwa wa kazi za barabara waliamua kukikata. Hakuna aliyeuliza watu wa pembeni. Katapila ilikwaruza siku sita, na barabara ikashuka, ikashuka, mpaka ikawa chini kuliko zamani kwa kimo cha mtu. Siku ya saba, Alphonsine alitoka na meza yake akasimama ukingoni. Pale palipokuwa na ngazi moja palikuwa na ukuta wa udongo mwekundu. Wateja wake walipita chini. Mmoja aliinua mkono kumsalimu, akaendelea na safari. Lituma ya siku ile ililiwa na watoto.

Wiki ya pili aliona ufa. Ulianzia kwenye kona ya dirisha la chumba cha mama yake, ukashuka, mwembamba kama unywele. Alphonsine alipitisha kidole juu yake. Siku tatu baadaye, ukucha uliingia ndani.

Akaenda kwa Séverin, fundi wa kushona aliyekaa ng'ambo ya barabara. Nyumba ya Séverin nayo ilikuwa imebaki juu, nayo ilikuwa na nyufa mbili. Alimkuta amepanda kwenye kiti, anaziba kwa simenti na kupaka chokaa. Alphonsine akamuuliza kama angeenda ofisini kusema. Séverin alishuka kwenye kiti kwanza, akatazama mlango, ndipo akajibu kwa sauti ya chini.

“Usiseme kitu, mama. Ukisema, watakuja kupima. Wakipima, watasema hii nyumba iko ya hatari, wataivunja. Na parsele watapatia mutu mwingine. Miye naziba, nanyamaza.”

Alphonsine alirudi nyumbani akiwa na mzigo mzito zaidi. Maneno ya Séverin yalimtisha, lakini kulikuwa na jambo ambalo Séverin hakulijua. Mtu yeyote wa ofisi atakayekuja kutazama ufa ataingia katika chumba kile. Na katika chumba kile alilala mama yake, bila kibali. Watamrudisha Isangi na kidonda kibichi. Labda watamfunga. Labda watamfunga na Octave pia, kwa kumficha, naye yuko mbali juu ya maji wala hajui neno.

Basi akanyamaza. Alitundika kitambaa juu ya ufa ili asiuone. Lakini kila alipopita alisikia punje za udongo zikianguka nyuma ya kitambaa.

Mvua za mwezi wa tisa zilianza. Jumamosi moja, alasiri, wingu jeusi lilitoka upande wa maporomoko ya Tshopo, na mvua ikapiga mabati hata watu hawakusikizana. Clémence na Viviane walikuwa jikoni, nyuma ya nyumba. Alphonsine alikuwa ukumbini akiweka bakuli mahali palipovuja. Ndipo akasikia mlio mzito chini ya miguu yake, kama gunia la chumvi linaloangushwa. Alifungua mlango wa mbele. Nusu ya barza haikuwepo. Meza yake ilikuwa chini barabarani, miguu juu, na maji mekundu yakiipita.

Alikimbilia chumba cha mama yake. Akasukuma mlango. Haukufunguka. Ukuta ulikuwa umeinama kidogo, na fremu ilikuwa imeubana mlango kama meno. Alisukuma kwa bega. Akamwita mama yake. Toka ndani sauti ya Georgette ilijibu, ndogo, tulivu kuliko alivyotazamia.

“Alphonsine, hii ukuta iko natembea.”

Hapo alisahau askari, alisahau kibali, alisahau Séverin. Alitoka nyuma mbio katika mvua, akipiga kelele. Jirani wa nyuma, mzee Zacharie, alitoka na mtarimbo wa chuma bila kuuliza neno. Aliingiza ncha yake kati ya mlango na fremu, akaulalia kwa uzito wake wote. Mbao ilipasuka. Georgette alikuwa amekaa kitandani, ameshika mfuko wake kifuani, na nyuma ya kichwa chake ufa ulikuwa wazi hata mwanga wa nje uliingia. Zacharie alimbeba mgongoni mpaka jikoni kwa watoto.

Mvua ilipokwisha, ukuta ulikuwa bado umesimama. Alphonsine alikaa chini. Sasa alikuwa na hofu nyingine juu ya zile za kwanza. Zacharie amemwona mama yake. Siri imetoka.

Zacharie alikata miti miwili, akaitegemeza kwenye ukuta ili usianguke, akaenda kwake.

Kesho yake, baada ya misa, alirudi. Huyu Zacharie alikuwa amefanya kazi na wapima ardhi miaka ishirini na miwili. Ndiye aliyeshika mnyororo wa kupimia na kusimamisha fimbo yenye namba, huku bwana mpimaji akitazama katika chombo chake. Alikuwa mtu wa maneno machache, na maneno hayo aliyasema polepole, kama anayehesabu hatua.

Alimwuliza Alphonsine kwa nini hakusema mapema. Alphonsine alimweleza yote, hata habari ya kibali, kwa maana hapakuwa tena na cha kuficha. Akamwambia maneno ya Séverin pia.

Zacharie alitikisa kichwa. “Sikiliza, mama Alphonsine. Parsele iko na karatasi. Nyumba iko na karatasi. Barabara ni ya watu wote, bon, sawa, serikali iko na haki ya kuishusha. Lakini kama kwa kuishusha wanavunja nyumba yako, lazima watengeneze ama walipe. Mutu mumoja hawezi kubeba hasara ya barabara ya watu wote. Miye niliona hayo maneno mara nyingi. Wenye kupata ni wale wenye kuonyesha. Wenye kulia tu, wanarudi mikono mitupu.”

“Kuonyesha nini, papa?”

“Kwamba barabara ilikuwa wapi, na sasa iko wapi. Kwamba ukuta ulikuwa muzima, na sasa umepasuka. Na ni lini.”

Akamchukua nje. Mbele ya nyumba ya pili palikuwa na mti wa simu. Wenye katapila hawakutaka kuuangusha, wakaacha kichuguu cha udongo kuuzunguka. Majani ya zamani yalikuwa bado yanaota juu ya kichuguu. Zacharie alimwonyesha: pale juu, penye majani, ndipo barabara ilipokuwa. Wakaita mashahidi wawili kutoka nyumba za jirani, wakapima kutoka kwenye majani mpaka chini. Ilikuwa mita moja na sentimita sitini. Zacharie akataka waandike siku hiyo hiyo, kwa sababu kichuguu kingeweza kuondolewa wakati wowote. Alphonsine alikuwa amesoma miaka mitatu kwa masista. Aliandika mwenyewe, na mashahidi wakaweka majina yao.

Kisha wakaingia chumbani. Alphonsine alitaka kuleta udongo azibe ufa. Zacharie akamzuia. Akasema kwamba kutegemeza ukuta usiue mtu ni vizuri, lakini kuziba ufa ni kufuta ushahidi. Alikata vipande vitatu vya karatasi, akavibandika kwa uji wa muhogo, upande huu wa ufa mpaka upande wa pili. Juu ya kila kipande Alphonsine aliandika tarehe. Kama ukuta unaendelea kwenda, karatasi itachanika, na kila mtu ataona.

Walibaki na jambo moja. Barua ikienda, bwana wa ofisi atakuja. Akija, atamkuta Georgette. Alphonsine alisema labda mama yake apelekwe kujificha kwa watu wa kijiji cha Bengamisa mpaka mambo yapite. Georgette alikuwa amelala kwenye mkeka jikoni, walidhani amesinzia. Akainuka kwa kiwiko.

“Sitaenda Bengamisa. Miezi mitatu nakohoa ndani ya mto wa kitanda kama mwizi. Jana nilikuwa karibu kufa kwa sababu ya kuogopa karatasi. Kesho munipeleke kwa ofisi. Kama ni kunirudisha, wanirudishe na macho yao yakitazama mguu wangu.”

Zacharie akamwuliza kama daktari alimpa karatasi yoyote. Georgette alifungua mfuko wake. Humo mlikuwa na kibali kilichokwisha, rozari, na karatasi ya hospitali iliyokunjwa mara nne. Iliandikwa kwamba mgonjwa arudi kufungwa kidonda kila wiki mpaka kipone. Zacharie aliisoma mara mbili. Akasema kwamba karatasi hiyo walikuwa nayo muda wote, na ndiyo iliyopaswa kupelekwa ofisini kabla kibali hakijaisha.

Jumatatu asubuhi walikwenda, mama na binti, hatua kwa hatua kwa ajili ya mguu. Ofisini walikaa kwenye benchi toka saa mbili hadi saa sita. Askari alipita mbele yao mara nne. Kila alipopita, Alphonsine alishika mkono wa mama yake, na hakujua ni mkono wa nani uliokuwa baridi. Karani aliyeitwa Michel aliwaita mwishoni. Alitazama kibali, akakunja uso, akasema maneno makali juu ya watu wanaodharau sheria. Georgette akasukuma karatasi ya hospitali mezani. Karani akaisoma, akaingia nayo katika chumba cha ndani, na mlango ukafungwa. Walisubiri. Alphonsine aliomba Salamu Maria bila kufika mwisho, akianza tena na tena.

Karani alirudi. Walipaswa kulipa faini kwa kuchelewa. Halafu akapiga muhuri juu ya kibali kipya: miezi mitatu, kwa sababu ya matibabu.

Njiani kurudi, Alphonsine alilia. Georgette alimwambia apunguze mwendo.

Jioni ile waliandika barua. Zacharie alisema, Alphonsine aliandika. Aliandika jina la Octave na namba ya parsele, na kwamba mume yuko safarini, na yeye mke anaandika kwa niaba yake. Aliandika siku katapila ilipofika, kipimo cha barabara, majina ya mashahidi, siku ufa ulipoonekana, siku barza ilipoanguka. Mwishoni aliandika anachoomba: ukuta wa mawe wa kushikilia udongo, ngazi za kufikia nyumba, na malipo ya kujenga chumba upya. Aliandika barua mbili zinazofanana. Moja ya ofisi. Ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa, arudi nayo nyumbani.

Séverin aliombwa naye aandike. Alikataa. Alisema anasubiri kuona kwanza watamfanya nini Alphonsine.

Wiki tatu zilipita. Zilikuwa wiki mbaya. Karatasi ya kwanza ukutani ilichanika, kisha ya pili. Wote walilala katika chumba cha nyuma, na kila lori lililopita chini lilitikisa vikombe. Alphonsine alijiuliza kama barua ilikuwa imetupwa, au kama ilikuwa mezani kwa mtu mwenye hasira. Aliposikia viatu vizito nje alifikiri ni wenye kuja kuvunja.

Siku moja viatu vilisimama mlangoni kweli. Bwana wa kazi za barabara alikuja na karani Michel na mtu wa kushika fimbo ya kupimia. Zacharie hakuwepo, alikuwa amekwenda Simi-Simi. Alphonsine alibaki peke yake mbele yao, mikono ina unga.

Bwana aliingia chumbani, akatazama ufa, akasema kwa Kiswahili chake, “Hii nyufa ni ya zamani. Nyumba zenu zote iko nyufa.”

Alphonsine alitaka kusema ndiyo bwana, ili waondoke. Alimtazama mama yake, aliyekaa mlangoni na kibali mkononi. Akapiga hatua moja, akaweka kidole kwenye karatasi ya kwanza.

“Bwana, hii karatasi tulibandika tarehe hii. Ilikuwa muzima. Ilichanika tarehe hii, niliandika chini. Hii ya pili ilichanika siku tano baadaye. Ya tatu ingali muzima, ni ya huku mbali na barabara.”

Bwana aliinama. Alisoma tarehe zote. Alimwambia mtu wake apime upana wa ufa. Kisha alizunguka nyumba nzima, na jikoni akaona ufa mwingine juu ya dirisha. Akauliza kama huo nao uletwe kwenye hesabu ya barabara.

Alphonsine alifikiri haraka. Ndiyo moja tu, na jiko nalo lingejengwa upya. “Hapana, bwana,” akasema. “Ule ni wa zamani. Ulikuwa hapa mbele ya katapila kuja.”

Bwana akamwambia Michel aandike hivyo, na ya chumbani pia aandike, yote, kama mama anavyosema. Walipotoka, walipima kwenye mti wa simu, na kipimo kilikuwa mita moja na sentimita sitini. Georgette hakuulizwa kitu.

Octave aliporudi, alikuta chumba chenye miti ya kutegemeza na mke aliyepungua uzito. Mwanzoni alikasirika. Alisema mwanamke haendi ofisini kwa wakubwa bila mumewe, sasa wote watajulikana. Alphonsine alimpa barua yenye muhuri. Octave aliisoma amesimama, akaketi, akaisoma tena. Wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe kuweka sahihi yake pembeni ya ile ya mkewe.

Jibu lilitoka kabla ya Noeli. Hawakupata yote. Wateja waliopotea kwa miezi ile hawakulipiwa, kwa sababu Alphonsine hakuwa ameandika mahali popote kwamba alikuwa akiuza na kiasi gani. Lakini chumba kilikubaliwa, na mwezi wa pili waashi walikuja na mawe ya mtoni. Walijenga ukuta wenye matundu ya kupitishia maji, na ngazi kumi za simenti. Chumba kilibomolewa upande mmoja, kikajengwa upya. Mguu wa Georgette ulikuwa umeshapona, naye alikuwa amepanda meli kwenda Isangi kabla muhuri haujaisha.

Upande wa Séverin, bwana alipokuja alikuta ukuta mweupe, laini. Akapata mawe ya kushikilia udongo kama nyumba nyingine zote, lakini kwa nyufa hakupata kitu. Alikuwa amezificha mwenyewe.

Mwezi wa nne, vijiti vyenye rangi nyekundu vilisimikwa kwenye barabara ya chini. Wanawake wa huko walijua maana yake: barabara yao nayo ingekatwa. Walikuja kwa Alphonsine, naye akashuka nao, akiwa na kamba ya Zacharie yenye fundo kila mita, na daftari. Katapila ilikuwa bado haijafika. Walipima mlango kwa mlango, kutoka kizingiti mpaka katikati ya barabara, na kutazama kila ukuta, mzima au mbovu. Kila kipimo kilikuwa na tarehe na mashahidi wawili.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mjane aitwaye Gertrude. Alisimama mlangoni, ameuziba kwa mwili wake. Alisema wapime ya wengine, ya kwake waache. Hataki jina lake liende kwa wakubwa. Anaogopa.

“Miye pia niliogopa,” Alphonsine akamjibu. “Niliogopa siku ya kwenda ofisini, na siku bwana alipokuja. Hata leo niko naogopa kidogo. Tunaandika hivyo hivyo.”

Gertrude alitazama vile vijiti vyekundu barabarani. Kisha akasogea kando ya mlango, akataja jina lake lote, la ubatizo na la baba yake, na Alphonsine akaliandika.